Nimelipia sauti ya tangazo mtandaoni, sasa naambiwa redio ni hela nyingine!

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mwenzangu tuko Moshi, tunatengeneza chakula cha ng'ombe wa maziwa. Tulitaka tangazo la redio la sekunde 30 tukaingia kwenye soko moja la mtandaoni la kutafuta watu wa kuingiza sauti, tukamuona kaka mmoja ana nyota tano na demo (sauti ya mfano) kali kweli, tukamlipa dola 20 na script tukamtumia. Sauti imekuja lakini anasoma mbio mno, na "ng'ombe" anaitamka kama anataka kusema ngoma halafu anaghairi. Tukamwambia arekebishe maana tunaipeleka redioni, ndo akasema redio hatujailipia, tuongeze hela. Huu si wizi? Mwenzangu anasema bora tutumie tu sauti ya kompyuta tumalize.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni. Wizi sio, ila najua kwa nini mmeona hivyo. Chukua Fiverr kwa mfano, moja ya masoko hayo ya mtandaoni, masharti yao yanasema bei ya kawaida ya kazi ya sauti haina ruhusa ya kuitumia kibiashara, hiyo unaiongezea hela, na ukitaka kurusha redioni au kwenye TV au tangazo la kulipia mtandaoni hiyo nayo ni ruhusa nyingine juu yake. Yameandikwa, lakini kinachoniuma ni kwamba bei ya chini ndo inawekwa mbele kwa maandishi makubwa na hili la ruhusa unakutana nalo baadaye kabisa. Ukienda studio hapo Arusha au Dar, prodyuza anaanza kukuuliza linarushwa wapi na kwa muda gani, ndo bei inapangwa.

Sasa nyota. Hizo nyota tano kazipewa na nani? Wateja wa kazi za Kiswahili kwenye masoko haya wengine hata Kiswahili hawajui, mtu yuko Ujerumani ana video ya mradi wake, akipokea faili safi na kwa wakati anabonyeza tano anaondoka, hawezi kujua kama "ng'ombe" imetamkwa sawa au lafudhi inakaa vipi masikioni mwa mfugaji wa kule Hai, Kilimanjaro. Kwa hiyo nyota zinakwambia huyu mtu hachelewi na ana maiki nzuri, lugha hazikwambii kitu. Demo nayo huenda ilirekodiwa studio kubwa, ikawekewa muziki, ikasafishwa, kazi yako anairekodia chumbani. Siku nyingine kabla hujalipa mwombe asome sentensi mbili za script YAKO, na uweke zile zenye majina ya mahali na bei ya mfuko, hapo utamjua.

Mbio zile nazo zina sababu na si za kumlaumu yeye peke yake. Masoko haya mara nyingi yanapanga bei kwa idadi ya maneno, na hesabu ni ya Kiingereza, sekunde 30 maneno kama 75. Kwetu neno moja tu kama "hatutawaangusha" linabeba silabi saba, sasa ukimjazia 75 ya namna hiyo atapumulia wapi? Isome script mwenyewe kwa sauti huku unaangalia saa, ukiona unakimbia kata.

Na kuna hili la kuwa mbali. Studio unakaa nje ya kioo, akikosea unamwambia hapo rudia, polepole, tabasamu kidogo, mnamaliza palepale. Kule masoko mengi hayaruhusu hata kupeana namba ya simu, kila sahihisho ni ujumbe, kusubiri, faili jipya, na yeye kwenye zile dola 20 soko likikata asilimia 20 anabaki na 16 kabla ya makato ya kuzitoa, ataona mnamchosha tu. Mimi nawashauri hilo la dola 20 liacheni, tafuteni mtangazaji wa redio ya hapohapo Kilimanjaro, wengi wanafanya kazi hizi, mkae naye studio na muandikiane linarushwa wapi na kwa miezi mingapi. Sauti ya kompyuta hapana. Unamuuzia mtu kitu anachompa ng'ombe wake, anataka kusikia mtu.

SWALI: Dada, mimi naingiza sauti, niko Mombasa. Kuna mteja wa mtandaoni anataka nisome sentensi nyingi hazina mpangilio, anasema ni za utafiti tu, na hela ni nzuri. Nichukue?

JIBU: Usichukue bado. Kuna watu wawili wa New York, Paul Lehrman na Linnea Sage, walipata kazi kama hiyo kupitia Fiverr. Wanasema Lehrman aliambiwa ni ya utafiti na Sage akaambiwa ni script za majaribio za matangazo ya redio, mmoja akalipwa dola 1,200 mwingine 400. Mwaka 2023 wako kwenye gari wanasikiliza podikasti, wakasikia sauti ya Lehrman inaongea maneno ambayo hajawahi kuyasema. Wakaishtaki kampuni ya Lovo, inayouza sauti za kompyuta, mwaka 2024, wakidai sauti zao zilitumika kutengeneza sauti za akili mnemba. Mwaka 2025 jaji aliyatupa baadhi ya madai yao, mengine akaruhusu yaendelee.

Muulize huyo mteja jina halisi la kampuni yake, sauti inatumika wapi na mpaka lini, na aandike wazi kwamba haitatumika kufundishia mashine wala kutengeneza sauti nyingine. Akisema anataka kweli kufundishia mashine, hiyo ni kazi tofauti yenye bei tofauti kabisa, mwanasheria auone mkataba kwanza. Akikataa kuandika, hiyo kazi iache ndugu yangu, na meseji zake zote zihifadhi.