Mikono ibaki kwenye usukani

Wadogo zangu mnaoanza mashindano ya baiskeli, kabla ya habari za gia sikilizeni kisa cha Mjerumani Erik Zabel. Machi 2004, mbio za Milan–San Remo za Italia, karibu kilomita 300 kwa siku moja. Alikwisha kuzishinda mara nne: 1997, 1998, 2000 na 2001. Siku hiyo, mstari ukiwa bado mbele yake, akanyanyua mikono kushangilia. Óscar Freire wa Uhispania, aliyekuwa ubavuni, hakunyanyua kitu. Aliisukuma baiskeli, akashinda kwa sentimita chache.

Msimcheke. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye mbio za mtaani, zawadi yenyewe mfuko wa unga, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kinachohesabiwa ni ukingo wa mbele wa tairi la mbele, si kifua kama kwa wanaokimbia kwa miguu. Ukibakiza kama mita mbili, acha kukanyaga, nyoosha mikono kwa nguvu, peleka makalio nyuma ya siti mpaka tumbo likaribie kuigusa. Mwili unarudi, baiskeli inachomoka mbele. Chora mstari wa chaki mahali pasipo magari, rudia mara ishirini, mwanzoni polepole. Utaogopa kuanguka, na vidole vitakimbilia breki. Viache kwenye usukani.

Halafu pointi. Kwenye Tour de France, mbio za wiki tatu za Ufaransa, jezi ya kijani ni ya anayeongoza kwa pointi. Zabel aliivaa mpaka mwisho, Paris, miaka sita mfululizo, 1996 hadi 2001, na katika miaka hiyo, 1998 na 1999 hakushinda hata hatua moja, yaani mbio za siku moja ndani ya Tour. Leo wa pili, kesho wa tatu, njiani anaokota pointi za vituo vya kati, ile mistari iliyowekwa kabla ya mwisho ambapo wa mbele hupewa pointi. Kwa hiyo ukiona wa kwanza kakuacha, usilegeze miguu. Wa sita naye ana hesabu yake.

Kuna jambo moja la Zabel msiige. Siku moja mtu, pengine mnayemheshimu, atawaletea sindano na kuwaambia ni wiki moja tu. Mwaka 2007 Zabel alikiri huku akilia kwamba alitumia EPO, dawa iliyopigwa marufuku ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 1996, kwa wiki moja, akaacha. Mwaka 2013 akarudi kusema kweli: alitumia dawa kwa miaka, mpaka 2003.