Noah, watu saba na mchele: upepo uwe ngapi hadi Bukoba?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Desemba tunatoka Dar es Salaam kwenda Bukoba na Noah, wakubwa watano na watoto wawili. Tuna mabegi, gunia la mchele la kilo 50, ndoo mbili za mafuta ya kula za lita 20 na TV ya wazee. Nimefunga keria juu. Fundi tairi wa mtaani kwetu anasema nipunguze upepo kwa sababu ya joto la njiani, nikiacha ulivyo tairi zitapasuka. Jirani yangu dereva wa lori anasema nijaze hadi 50. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usimsikilize hata mmoja. Wa kwanza ndiye anayenitia hofu zaidi, maana ushauri wake nausikia kila mwisho wa mwaka.

Tairi yenye upepo mdogo haipoi, inachemka. Saizi ya kawaida ya Noah, 195/65R15, huzunguka takriban mara 500 kwa kila kilomita. Kila mzunguko ule ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua. Upepo ukiwa pungufu unajikunja zaidi, mpira unazalisha joto kwa ndani, na mwisho nyuzi zinaachana na mpira. Hapo ndipo inapasuka, na mara nyingi ni ya nyuma, upande ulioelemewa.

Ni kweli joto huongeza upepo, kama psi moja (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzijoto sita hivi. Ukianza safari asubuhi na 33, usishangae kukuta 38 mchana ukisimama Manyoni. Waliotengeneza tairi walilijua hilo. Usiutoe, kwa sababu kesho asubuhi tairi ikipoa utakuwa umebaki na 28, na gari limejaa.

Namba yako iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huiandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, kwa hiyo ili upate psi gawanya kwa 6.9: 230 ni psi 33, 240 ni 35. Pima gari likiwa limelala usiku kucha. Kwa mzigo wako, tairi za nyuma waweza kuziongeza psi mbili au tatu juu ya kibandiko. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si maelekezo ya kujaza. Hiyo 50 ya jirani muachie na lori lake.

Sasa tuje kwenye uzito, ambao hukuniuliza. Wajapani wanaposajili gari la abiria huhesabu kila mtu kilo 55 na mizigo hawaihesabu kabisa. Noah ya watu wanane hupewa kilo 440. Wakubwa wako watano kwa kilo 75 kila mmoja ni 375, watoto wawili tuseme 60. Jumla 435, na hamjapakia hata begi. Hiyo haina maana kwamba gari litakatika kilo ya sita ikiingia. Tairi yenye alama ya uzito 91 ubavuni hubeba hadi kilo 615, ila uwezo huo hupungua upepo ukipungua. Ina maana kila kitu cha ziada kinakula akiba ya springi, shokapu na breki.

Mimi ningeanza na mchele. Utapita Igunga na Kahama, mpunga unalimwa huko huko, unabeba gunia kutoka Dar la nini? Nunua Kahama na utakuwa umeokoa kilo 50 kwa karibu kilomita elfu moja. Ndoo za mafuta zikae chini kabisa kwenye buti, zimeegemea mgongo wa siti na kufungwa kamba. Juu ya keria weka vyepesi tu: nguo, mablanketi. TV ikae ndani, katikati ya mabegi ya nguo. Mzigo mzito juu ya paa huliyumbisha gari unapokwepa lori, na Noah ni ndefu kwenda juu tayari.

Kabla hujapakia, itazame spea. Noah nyingi zina ile nyembamba ya dharura: inataka psi 60, haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Jeki isifukiwe chini ya mabegi. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa kwa kila tairi, yaani tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya umri huo, hata kashata (meno yake) zikiwa nzuri, mimi siipeleki Bukoba.

Kuhusu injini nitasema moja. Kama kuna fundi aliyekutolea themostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini) "gari lisichemke", irudishe, na rejeta iwe na kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, si maji ya bomba. Mafuta ya breki yaliyokaa zaidi ya miaka miwili badilisha, kwa sababu hunyonya unyevu na kuchemka mapema. Utayahitaji kwenye mteremko wa Sekenke, ambako pia utashuka kwa gia ya chini (L, S, B au 2, kutegemea gari lako), si kwa kukanyaga breki mwanzo hadi mwisho.

Safari ni takriban kilomita 1,400. Laleni Singida, mtakuwa nusu ya njia.

Na najua mtarudi na mikungu ya ndizi. Mkungu mmoja waweza kufika kilo 30, na watu huipanga yote juu ya keria kwa sababu haivunjiki. Ipange ndani, chini, na upime upepo upya asubuhi ya kuondoka Bukoba.