Nywila katika fomu ya kuingia

Ndugu, umeuliza kama fomu yako, inayolinganisha nywila iliyoandikwa na ile iliyomo kwenye hifadhidata, inatosha kwa kuwa inafanya kazi. Haitoshi. Nywila zikihifadhiwa kama zilivyo, atakayeiba hifadhidata atazisoma zote, na kwa kuwa watu wengi hutumia nywila moja kila mahali, madhara yatavuka mipaka ya programu yako. Katika PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, mtumiaji anapojisajili, ipitishe nywila kwenye password_hash(), inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi usioweza kurudishwa kuwa nywila, na uhifadhi matokeo yake tu. Anapoingia, ihakiki nywila aliyoandika dhidi ya matokeo hayo kwa password_verify(). Fomu itume taarifa kwa POST (njia isiyoweka taarifa kwenye anwani ya ukurasa) kupitia HTTPS (muunganisho uliosimbwa ili wengine wasisome). Mtumiaji akikosea, tafadhali mjibu tu kwamba jina au nywila si sahihi, kwani ukibainisha kilichokosewa unamthibitishia mdukuzi kwamba akaunti ipo.