Usimnyamazie mwenzako wa zamu: kwa mnaoanza udaktari wa mifugo

Wengi tunaichagua fani hii kwa kupenda wanyama, tukidhani mivutano ya watu tutaiacha mlangoni. Lakini kila mgonjwa huja na mtu wake, na kila zamu ina wenzako.

Mimi nilikuwa mtu wa kunyamaza. Watafiti wa migogoro Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, katika dodoso lao la mwaka 1974, walitaja njia 5 za kukabili mgogoro: kushindana, kushirikiana, kila mmoja kulegeza kidogo, kukwepa, na kumwachia mwenzako atakalo. Yangu ilikuwa kukwepa. Si kosa kila mara: daktari akiwa ameshika mshipa unaovuja damu, usimuulize habari za ratiba. Ila kuna ukimya unaomuumiza mnyama.

Tulikuwa na mtoto wa mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, anatapika na kuharisha damu, uhai wake uko kwenye dripu. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa na tabia ya kujaza fomu ya uangalizi wa kila saa kwa mkupuo mmoja alfajiri. Nilijua, nikamfichia kwa kuwa ni rafiki. Asubuhi moja nikakuta mguu wenye kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dripu mshipani, umevimba. Maji yalikuwa yakiingia chini ya ngozi badala ya mshipani, na fomu inasema hali ni shwari. Nikalipuka, nikamwita mzembe mbele ya wote. Naye akajibu. Tukarushiana maneno huku mbwa amelala pale pale, kanula bado haijatolewa. Hilo linaniuma hadi leo.

Jioni nilimfuata, nikaomba radhi. Safari hii nilianza na nilichokiona, yaani mguu na saa zilizoandikwa, kisha nikamuuliza usiku ulikuwaje. Kumbe alikuwa peke yake na wagonjwa 8. Tukaenda pamoja kwa msimamizi, akaongezwa mtu wa pili. Ningeuliza mapema, tusingefika huko.

Kwa mfugaji, mambo hubadilika kidogo. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akichomwa antibayotiki, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Hapo usilegeze hata siku moja, hata akikufokea. Unachoweza kufanya ni kumweleza kabla ya sindano, mhesabu tarehe pamoja, na kama ipo dawa inayofaa yenye siku chache, mwambie.

Chumba cha upasuaji ndicho kigumu zaidi, kwa sababu unayepaswa kumsimamisha ni mwalimu wako. Tafuta sentensi yako mapema, uitamke kwa sauti ukiwa peke yako chumbani kwako mpaka ulimi uizoee. Yangu, ya kuhakikisha hakuna kipande cha shashi kilichosahaulika ndani ya mnyama, ni hii: “Daktari, naomba tuhesabu shashi tena kabla hujafunga tumbo.”