Fereti Akikodoa Macho, Usiseme Amezeeka

Msomaji anayejitolea kwenye kituo cha wanyama walioachwa ameniandikia kuhusu fereti wao wa miaka minne (fereti ni mnyama mdogo mwembamba anayefugwa nyumbani). Anasimama ghafla na kukodolea ukuta, mate yanamtiririka, miguu ya nyuma inalegea, kisha baada ya dakika chache anatembea kama kawaida. Je, ni uzee? Hapana. Dalili hizo, hasa akiongeza kujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, zinaelekeza kwenye sukari iliyoshuka, na kwa fereti aliyevuka miaka mitatu mshukiwa wa kwanza ni uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini kupita kiasi.

Ikitokea, mpake asali kidogo kwenye ufizi, kiasi cha kulowesha ncha ya kijiti cha pamba. Usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Usipitishe kidole katikati ya meno pia, kwa sababu akiwa kwenye degedege hung'ata bila kujua. Akizinduka mpe nyama laini papo hapo. Asali peke yake huichokoza kongosho imwage insulini zaidi, na mnyama akaanguka tena vibaya kuliko mwanzo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na umwambie alikula saa ngapi mara ya mwisho, maana kipimo cha sukari bila saa hiyo hakieleweki. Mara nyingi matibabu ni prednisoloni (dawa ya steroidi) ya kila siku au upasuaji. Kabla ya upasuaji, usimnyime chakula usiku kucha kama anavyonyimwa mbwa. Saa tatu au nne zinamtosha.

Sababu ya kutomnyima chakula iko tumboni mwake. Fereti ni wa ukoo mmoja na nyegere na fisimaji, mla nyama asiye na mbadala, na chakula humpitia kwa saa tatu hadi nne tu. Anahitaji milo midogo 8 hadi 10 kwa siku, kwa hiyo bakuli lisikae tupu. Tafuta protini ya nyama asilimia 35 hadi 40, mafuta karibu 20, nyuzinyuzi chini ya 3. Chakula cha mbwa hakifai. Cha paka wachanga, kikiwa na nyama ya kutosha, kinaweza kuziba pengo. Ama zabibu kavu, ndizi na biskuti ambazo watu wenye huruma hupenyeza kwenye vizimba, ziondoeni kabisa. Kwa mgonjwa wa kongosho, kipande kitamu huipandisha sukari na kisha kuiporomosha.

Fereti mgeni asibadilishiwe chakula siku ya kwanza. Fereti huzoea harufu ya chakula tangu utotoni, na kipya anaweza kukigomea mpaka akadhoofu. Mwulize aliyemleta alikuwa akila nini, kisha changanya kijiko kwa kijiko kwa wiki mbili au zaidi.

Karantini nayo ni wiki mbili kwa uchache. Mgeni awe na chumba chake, bakuli zake, na mhudumu awe na viatu vya chumba hicho tu, na wageni wahudumiwe mwisho. Fereti mchanga anayeonekana mzima anaweza kubeba virusi vya korona vya tumbo. Yeye anachezacheza huku wazee wa kituo wakiharisha ute wa kijani. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, ni mbaya zaidi, asiyechanjwa akiugua haponi. Dalili zake: upele kidevuni, tongotongo nzito, nyayo zinazokakamaa. Hata wewe mhudumu, ukiwa na mafua baki nyumbani. Mwaka 1933 watafiti wa London walivitambua virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwatia fereti puani maji waliyosukutulia koo wagonjwa, na wanyama wakaanza kupiga chafya.

Majike wasiohasiwa msiwaache wapite msimu wakiwa kwenye joto, yaani hali ya kutaka kupandwa. Bila kupandwa, joto haliishi lenyewe, na homoni hudidimiza uboho, unaotengeneza damu, mpaka damu inakwisha. Ufizi mweupe ni dalili kwamba mmechelewa. Muulizeni daktari kuhusu kipandikizi cha deslorelini (dawa ya homoni inayowekwa chini ya ngozi), kwa kuwa kuhasi mapema kunahusishwa na ugonjwa wa tezi za adrenali zilizo karibu na figo, ule unaoanza kwa manyoya kunyonyoka mkiani.

Kila wiki, mizani. Mshike kwa ngozi ya nyuma ya shingo, umtegemeze matakoni. Atapiga mwayo mrefu na kulegea. Mpakaze tone la mafuta ya samaki tumboni, na wakati anajilamba mpunguze kucha, ukiiacha sehemu ya waridi yenye damu. Mpime kwa gramu na uandike. Uzito hupanda na kushuka kwa misimu, hata kwa theluthi moja, kwa hiyo mlinganishe na rekodi yake ya msimu kama huo, si na jirani yake. Kuogesha, mara chache sana: ngozi iliyooshwa hutoa mafuta zaidi na harufu inazidi.

Vitu vya mpira na sponji visiingie kizimbani. Akivitafuna huziba utumbo, na utamkuta amejikunja, anasaga meno, hataki kula, kinyesi chembamba kama penseli. Huyo hangojewi asubuhi.