Pampu ya breki ya mbele imeitwa irudishwe, uendelee kuendesha?

Kaka, umesema breki yako inashika fresh na pikipiki umenunua mkononi kwa mtu, so unaona hilo tangazo la kampuni kurudisha pampu ya breki ya mbele halikuhusu. Linakuhusu sana. Wito unafuata pikipiki, haufuati mwenye mali wa kwanza, ila barua wanamtumia yule aliyeandikishwa kwao ndio maana wewe hujapata kitu.

Angalia chesisi namba, herufi na tarakimu 17, mara nyingi zimegongwa kwenye shingo ya fremu pale usukani unapozungukia, geuza usukani upande mmoja ufute vumbi utaziona. Wapigie wakala wa kampuni ya pikipiki uwasomee zote maana pikipiki mbili za toleo moja, moja inaweza kuwemo kwenye wito nyingine isiwemo. Kazi yenyewe kwa kawaida ni bure, spea na ufundi.

Sasa hiyo "inashika fresh" ndo inanitisha. Pampu ikichoka ndani haitoi taarifa, mpira wa ndani yake unaanza kupitisha oili ya breki kidogo kidogo. Simamisha pikipiki, bana mkono wa breki kwa nguvu uushikilie kama nusu dakika, ukihisi unazama taratibu kuelekea kwenye hendeli usiiwashe tena, ipakie kwenye gari. Na hata mkono usipozama bado ipeleke kwa wakala, hicho kipimo hakikamati kila kitu.

Tafadhali usimpe fundi abadilishe huo mpira wa pampu tu. Na abiria usimbebe kabisa mpaka itengenezwe, ukitoka kwa wakala dai karatasi yenye hiyo chesisi namba.