Android 10 "imepanda" kwenye takwimu za tovuti: usiagize mzigo kwa grafu hiyo

Mkuu, kwa ulivyoeleza, takwimu za mwaka mzima za duka lako la makava na chaja zinaonyesha zaidi ya nusu ya wateja wana Android 10, Windows 11 haionekani kabisa, na watu wa laptop wamepungua. Unauliza kama uagize makava ya simu za zamani. Usiagize. Mambo mawili ya kwanza hayatokani na wateja hata kidogo, yanatokana na jinsi vivinjari vinavyojitambulisha. La laptop linahitaji hesabu nyingine.

Tuanze na Android 10. Programu yako ya takwimu inasoma access.log ya seva, yaani faili ambamo seva inaandika kila ombi la ukurasa. Ifungue faili hiyo, utakuta mistari mingi ya namna hii:

Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/124.0.0.0 Mobile Safari/537.36

Hiyo "Android 10; K" si simu. Tangu 2023 Chrome inaandika maneno hayohayo, iwe simu ina Android 9 au 14, iwe Tecno au Samsung. Google walifanya hivyo ili iwe vigumu kumfuatilia mtu kwa alama za kifaa chake. Kadiri wateja walivyosasisha Chrome, ndivyo "Android 10" ilivyoongezeka kwako, hata kama walikuwa wananunua simu mpya kabisa. Windows ni hivyohivyo: 11 inajitambulisha kama "Windows NT 10.0", sawasawa na 10. Mac nazo zimegandishwa kwenye 10_15_7, na iPad nyingi tangu iPadOS 13 zinajitaja kuwa Mac, kwa hiyo sehemu ya "kompyuta" zako ni tableti.

Modeli halisi unaipata kwa kuiomba. Kama seva yako inaendeshwa na programu ya Nginx, weka hii kwenye server ya HTTPS (kwenye HTTP tupu haifanyi kazi):

add_header Accept-CH "Sec-CH-UA-Model, Sec-CH-UA-Platform-Version" always;

Kisha kwenye sehemu ya http, ongeza $http_sec_ch_ua_model na $http_sec_ch_ua_platform_version mwishoni mwa log_format yako. Endesha nginx -t kabla ya kuwasha upya. Hapa wengi wanakwama mahali pamoja: location yoyote (sehemu ya mipangilio ya kurasa fulani) yenye add_header yake inafuta zile za juu, na usipoirudia Accept-CH humo ndani, modeli hazitakuja. Ombi la kwanza kabisa la mgeni halina modeli, inaanza kuonekana kwenye maombi yanayofuata. Kwenye log utaiona ikiwa \x22SM-A055F\x22, kwa sababu Nginx inageuza alama za kunukuu. Zisafishe kwa sed, amri ya Linux ya kubadilisha maandishi. SM-A055F ni Galaxy A05. Herufi ya mwisho hubadilika kulingana na soko, kwa hiyo jumlisha kwa SM-A055. Upande wa Windows, platform_version inayoanzia 13 kwenda juu ni Windows 11. 1 hadi 10 ni Windows 10.

Safari na Firefox hawatumi taarifa hizi, utaona kistari tu. Usikihesabu kistari kama "simu nyingine". Piga asilimia ndani ya zile zenye modeli peke yake.

iPhone ni ngumu zaidi, na kwa muuza makava hili ni la kujua mapema. Modeli haipatikani. Kipimo cha kioo kinasaidia kidogo: 390x844 ni iPhone 12, 13 na 14 kwa pamoja, 393x852 ni 14 Pro, 15, 15 Pro na 16. Kava la 12 halikai sawa kwenye 14, kwa hiyo hapo tegemea daftari la mauzo na maswali ya wateja WhatsApp, si takwimu. Tangu iOS 26 hata namba ya mfumo imegandishwa kwenye 18. Tazama Version/26 mbele yake. Tena Safari inafuta baada ya siku 7 vidakuzi vilivyowekwa na JavaScript, hivyo mteja wa iPhone anayerudi kila wiki mbili atahesabiwa mgeni mpya kila mara.

Sasa laptop. Tuseme mwezi mmoja ulikuwa na ziara 10,000, laptop 3,000: asilimia 30. Baadaye ziara zikafika 15,000, laptop bado 3,000: asilimia 20. Hakuna aliyeondoka, ni tangazo lako la Facebook limeleta watu wa simu. Linganisha idadi kwanza, asilimia baadaye, na chukua ziara zilizotoka kwenye utafutaji wa Google peke yake kwa kurasa zilezile.

Usilinganishe mwezi kwa mwezi pia. Laptop nyingi ziko maofisini, na mwezi wenye wikiendi 5 utaonekana wa simu. Chukua wiki 4 kamili zinazoanza Jumatatu. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Machi ya mwaka mmoja si Machi ya mwingine. Linganisha wiki za mfungo kwa wiki za mfungo.

Ukitaka kuongeza GA4 (Google Analytics 4, takwimu za Google zinazotumia JavaScript), siku ya kwanza kabisa nenda Data retention ubadilishe miezi 2 iwe 14. Ukiacha ilivyo, ripoti za kawaida zitabaki, lakini ukifungua Explore kuchambua mwaka utakuta miezi miwili tu, na iliyofutwa hairudi. Namba zake hazitalingana na za seva: roboti kama GPTBot ya OpenAI zinajaa kwenye log lakini kwa kawaida haziendeshi JavaScript, na Opera Mini ya kubana data inapita seva za Opera, na JavaScript haifanyi kazi kikamilifu humo. Chuja roboti kwenye log kwanza. Opera Mini ziache: hao ni wateja wa kweli wanaobana bando, na GA4 inaweza isiwaone.

Kusanya modeli kwa wiki 8 hivi, chukua zinazojitokeza kwenye ukurasa wa malipo badala ya ukurasa wa mwanzo, ndipo uandike oda.